Rada na Elimu ya Redio katika Vita Kuu ya Pili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Rada hufanyaje kazi, kwa maneno machache?

Transmita hurusha mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza. Mpigo ukigonga ndege au meli, sehemu ndogo sana hurudi kama mwangwi na kunaswa na kipokezi. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa maikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, kila maikrosekunde ya kusubiri ni mita 150 za umbali. Mwangwi uliochelewa maikrosekunde 667 umetoka kilomita 100.

Umbali basi ni kazi ya saa tu, na ndicho kipimo ambacho rada hukipata kwa usahihi kuliko vyote. Mwelekeo na kimo ni vigumu zaidi, kwa sababu hutegemea umbo na ukubwa wa antena. Halafu kuna tatizo la nguvu: mwangwi hufifia kwa kipeo cha nne cha umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwangwi unabaki sehemu moja ya 16. Anayetaka kuona mbali mara mbili kwa kuongeza nguvu peke yake atahitaji transmita yenye nguvu mara 16, na ndiyo maana mafundi walihangaika zaidi na antena na kipokezi.

Je, Waingereza ndio waliovumbua rada?

Hapana. Heinrich Hertz alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya redio huakisiwa na chuma. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alipata hataza ya kifaa cha kugundua meli kwa mawimbi hayo, lakini hakikupimia umbali na hakikupata wanunuzi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 Ujerumani, Marekani, Uingereza, Umoja wa Kisovyeti, Ufaransa na nchi nyingine zilikuwa zikifanya majaribio, kila moja kwa siri yake. Jina lenyewe, rada, lilianza kutumiwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1940.

Uingereza ilianza kwa swali jingine kabisa. Mapema mwaka 1935 Robert Watson-Watt, mtaalamu wa redio wa serikali, aliulizwa kama inawezekana kutengeneza mwale wa redio wa kumdhuru rubani angani. Msaidizi wake, Arnold Wilkins, alipiga hesabu na kuona kwamba nguvu inayohitajika haipatikani. Lakini alikumbuka kuwa mafundi wa posta walishalalamika kwamba ndege zikipita karibu huvuruga upokeaji wa redio. Kama ndege inavuruga, basi inaakisi. Tarehe 26 Februari 1935 walitumia transmita ya BBC ya Daventry, yenye urefu wa wimbi wa mita 49, wakairusha ndege ya mabomu aina ya Heyford kupita hapo, na kipokezi shambani kikaionyesha hadi umbali wa kilomita 13 hivi.

Vituo vya Chain Home vilikuwa na nini hasa?

Huu ulikuwa mnyororo wa vituo vya rada kwenye pwani ya Uingereza, karibu 20 vita vilipoanza Septemba 1939. Kituo cha kawaida cha pwani ya mashariki kilikuwa na minara ya chuma ya mita 110 ya kurushia mawimbi, na minara ya mbao ya mita 73 ya kupokelea. Mbao haikuchaguliwa kwa ubahili: chuma karibu na antena ya kupokelea hupinda mawimbi na kuharibu kipimo cha mwelekeo. Urefu wa wimbi ulikuwa kati ya mita 10 na 13, nguvu ya mpigo kilowati 350 (baadaye 750), na mpigo wenyewe ulidumu maikrosekunde 20 hivi. Ndege zikiwa juu vya kutosha zilionekana hata kilomita 190 kutoka kituoni.

Mipigo ilikuwa 25 tu kwa sekunde, na wanaoijua rada ya leo yenye mamia au maelfu ya mipigo hushangaa. Sababu ni ionosfea, tabaka la juu sana la anga linaloakisi mawimbi ya redio. Mawimbi ya mita 10 hadi 13 wakati mwingine hugonga tabaka hilo la juu, yakashuka maelfu ya kilomita mbali, yakarudi yakiwa yamechelewa sana. Mwangwi wa namna hiyo ukifika baada ya mpigo unaofuata kurushwa, opereta ataudhania ndege iliyo karibu. Mipigo 25 kwa sekunde huacha nafasi ya milisekunde 40, sawa na umbali wa kilomita 6,000. Mipigo hiyo ilifungwa kwenye mapigo ya umeme wa gridi ya taifa, na kila kituo kikapewa zamu yake ndani ya mzunguko huo ili vituo jirani visivurugane.

Chain Home haikuwa mtambo bora hata kwa wakati wake. Haikuzunguka, ilimulika bahari yote iliyokuwa mbele yake kama taa ya mafuriko. Ubora wake ni kwamba ilijengwa kwa vipuri vya redio vilivyokuwepo madukani na viwandani, na ikawa tayari kabla ya kuhitajika.

Kama antena haikuzunguka, opereta alijuaje ndege iko upande gani?

Kwenye mnara wa kupokelea palikuwa na antena mbili zilizokatizana kwa pembe mraba. Nyaya zake zilishuka hadi kwenye goniometa, kifaa chenye koili mbili zisizosogea na moja ndani inayozungushwa kwa mkono. Opereta alizungusha kirungu si mpaka mwangwi uwe mkubwa kabisa, bali mpaka utoweke. Jambo hili lina maana: karibu na kilele, ukizungusha digrii kumi huoni tofauti, lakini karibu na sifuri digrii mbili tu zinaonekana. Kisha alibonyeza swichi ya kuhakiki kama ndege iko mbele au nyuma ya kituo, kwa sababu antena mbili peke yake haziwezi kutofautisha. Hatua hiyo ikirukwa au swichi ikiharibika, ndege inayotoka nchini husomeka kama inayokuja kutoka baharini.

Kimo kilipatikana kwa kulinganisha nguvu ya mwangwi kwenye antena mbili zilizofungwa kwa urefu tofauti mnarani. Hapa ardhi ya mbele ya kituo iliingilia kati, maana mawimbi yaliyogonga ardhi yalichanganyika na yaliyokuja moja kwa moja. Kwa hiyo kila kituo kilipaswa kupimwa peke yake kwa kurusha ndege ya taratibu kuzunguka eneo kwa kimo kinachojulikana na kuandika makosa digrii kwa digrii. Kituo kilicho kwenye mteremko usio sawa kilitoa kimo kibaya vita vyote.

Idadi ya ndege ilikuwa makisio. Miangwi ya ndege nyingi zilizo karibu hupandana na kupingana, hivyo nukta kwenye kioo huchezacheza, na opereta mzoefu alisoma idadi kutokana na mchezo huo. Mara nyingi alikosea.

Ni nini kilitokea kati ya nukta kwenye kioo na rubani kupaa?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo linalosahaulika watu wanapobishana nani alikuwa na mtambo mzuri.

Opereta alitoa taarifa kwa simu ya waya kwenda chumba cha uchujaji huko Bentley Priory, karibu na London. Pale taarifa za vituo kadhaa ziliwekwa kwenye meza moja yenye ramani. Kundi moja la ndege lilionwa na vituo vitatu na likaonekana kama makundi matatu, kwa sababu mwelekeo wa kila kituo ulikuwa na kosa lake. Wachujaji hawakuiamini sana mielekeo hiyo. Walichukua umbali kutoka vituo viwili, wakachora tao mbili, na pale tao zilipokatana ndipo ndege zilipo. Kazi hii ilifanywa na vijana, wengi wao wanawake wa kikosi saidizi cha jeshi la anga, kwa sekunde chache kila mara.

Picha iliyochujwa ilipelekwa kwa wakati mmoja makao makuu, kwenye makao ya makundi ya ulinzi wa anga ya kila eneo na kwenye vyumba vya sekta, yaani sehemu ndogo za maeneo hayo. Mishale ya mezani ilikuwa myekundu, ya njano au ya buluu, kufuatana na saa ya ukutani iliyogawanywa kwa vipande vya dakika tano tano vya rangi hizo. Mshale wenye rangi iliyopita ulijitangaza wenyewe kuwa taarifa yake imechakaa. Ndege zilipovuka pwani, Chain Home haikuziona tena kwa kuwa iliangalia baharini, na kazi ikachukuliwa na watazamaji wa macho na darubini.

Upande wa ndege za kujilinda, redio ya baadhi ya ndege ilijirusha yenyewe kwa sekunde 14 katika kila dakika. Vituo vya kupima mwelekeo viliidaka, na mtawala wa sekta akajua vikosi vyake viko wapi bila kumsumbua rubani.

Fikiria muda. Ndege za mabomu zenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa zikionwa kilomita 150 mbali zina dakika 30. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ilihitaji karibu dakika 8 au zaidi kufika mita 6,000. Taarifa ikikwama dakika kumi mahali fulani, rubani anakutana na adui aliye juu yake. Mfumo huu, uliojengwa chini ya Hugh Dowding, mkuu wa ndege za kivita za kujilinda, ulihesabu kila dakika kati ya mwangwi na amri.

Kwa nini Wajerumani hawakuvibomoa vituo hivyo?

Walijaribu. Tarehe 12 Agosti 1940 walishambulia Dover, Rye, Pevensey na Ventnor. Vitatu vya kwanza vilirudi kazini upesi, Ventnor ikawa nje ya kazi kwa siku kadhaa. Mnara wa vyuma vilivyosukwa ni mgumu kuangusha, kwa kuwa upepo wa mlipuko hupita katikati. Palipoumia kweli ni vibanda vya mitambo, nyaya za umeme na simu. Ili pengo lisijulikane, transmita nyingine iliwashwa, hivyo wasikilizaji wa upande wa pili waliendelea kusikia mipigo na kudhani kituo kinaona. Mashambulizi dhidi ya vituo hayakuendelezwa kwa bidii, na kwa maoni yetu hilo lilikuwa moja ya makosa makubwa ya kampeni yao ya anga ya mwaka 1940.

Je, Ujerumani ilikuwa nyuma kwenye rada?

Mwaka 1939, la. Rada yake ya Freya, yenye urefu wa wimbi wa mita 2.4 hivi, ilizunguka na kubebeka. Würzburg, yenye wimbi la sentimita 53 na sahani ya mita 3, ilipima kwa usahihi wa kuongozea mizinga, jambo ambalo Chain Home haikulikaribia. Tarehe 18 Desemba 1939 ndege 22 za mabomu za Uingereza zilikwenda Wilhelmshaven mchana kweupe. Freya ilizitambua mapema na 12 zikapotea. Walichokosa mwanzoni ni mfumo mmoja wa kuchuja na kusambaza taarifa, na baadaye wakachelewa kwenye mawimbi ya sentimita.

Rada ilikuwepo Pearl Harbor. Ilishindwaje?

Mtambo haukushindwa. Tarehe 7 Desemba 1941, saa 1 na dakika 2 asubuhi, rada ya SCR-270 iliyokuwa Opana, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, ilionyesha mwangwi mkubwa zaidi ya kilomita 200 mbali. Maopereta wawili walipiga simu. Kituo cha taarifa kilikuwa karibu kitupu, na ofisa aliyekuwepo, mgeni katika kazi hiyo, alijua kuwa ndege za Marekani aina ya B-17 zinatarajiwa kutoka upande unaokaribiana na huo. Akasema wasijali. Mabomu yalianza kuanguka kabla ya saa 2.

Hakukuwa na wachujaji zamuni, wala njia ya kutofautisha rafiki na adui, wala mtu mwenye mamlaka ya kupandisha ndege. Dakika zaidi ya 50 za onyo zilipotea hivyo.

Waliwatofautishaje rafiki na adui?

Kwa kisanduku ndani ya ndege kilichopokea mpigo wa rada na kuujibu, mwangwi wa rafiki ukaonekana mkubwa au wenye alama. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: rubani akisahau kuwasha, anahesabiwa adui, akisahau kuzima juu ya nchi ya adui, anajitangaza. Haja yake ilionekana tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, ndege za Uingereza zilipotungua ndege mbili za kwao aina ya Hurricane.

Kwa nini kila mtu alitaka mawimbi mafupi zaidi?

Kwa sababu ya upana wa mwale. Kanuni ya mafundi ni hii: zidisha urefu wa wimbi kwa 70, gawanya kwa kipenyo cha sahani, unapata upana wa mwale kwa digrii. Sahani ya sentimita 75, inayoingia kwenye pua ya ndege, ikitumia wimbi la sentimita 10 hutoa mwale wa digrii 9 hivi. Kwa wimbi la mita 1.5 sahani hiyohiyo haina mwale wa maana. Mawimbi hutapakaa pande zote, yanagonga ardhi, na mwangwi wa ardhi hufunika kioo kuanzia umbali ulio sawa na kimo cha ndege. Rubani wa usiku aliyekuwa juu mita 3,000 hakuweza kuona adui aliye zaidi ya kilomita 3 mbele.

Tatizo lilikuwa nguvu. Valvu za kawaida, yaani taa za elektroni za kuzalisha na kukuza mawimbi, zilikufa kabisa kwenye sentimita 10. Tarehe 21 Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot waliwasha magnetroni yenye vyumba, ikatoa wati 400 hivi kwenye wimbi la sentimita 9.8. Ni bonge la shaba lenye tundu la katikati na vyumba sita vya mviringo vimelizunguka. Katikati kuna kathodi ya moto, na sumaku kali inapita kwa mhimili. Elektroni zinazotoka kwenye kathodi hupindwa na sumaku, zikizunguka mbele ya midomo ya vyumba, na vyumba hivyo huvuma kama chupa inayopulizwa mdomoni. Kwa kuwa ni shaba nene, joto huondoka upesi na valvu huhimili mipigo mikubwa. Miezi michache baadaye mifano ya kiwandani ilifika kilowati 10, na Septemba 1940 mmoja wake ulipelekwa Marekani na ujumbe wa Henry Tizard. Maabara ya mionzi ya MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ilianzishwa mwaka huohuo kwa ajili yake.

Ni nini kiliharibika mara nyingi kwenye rada za sentimita?

Magnetroni za mwanzo zilirukaruka. Vyumba vinaweza kuvuma kwa namna kadhaa, na mtambo ulihama kutoka masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) moja hadi nyingine katikati ya mpigo. Mwaka 1941 James Sayers aliunganisha vyumba kwa vipande vya waya, kimoja na cha pili yake, na mruko ukapungua huku ufanisi ukipanda.

Sehemu iliyosumbua zaidi ilikuwa ya kupokelea. Antena moja hutumika kurusha na kupokea, kwa hiyo lazima kitu kikikinge kipokezi wakati kilowati zinapita. Kazi hiyo hufanywa na valvu ya gesi: mpigo ukipita gesi huwaka na kufunga njia, mpigo ukiisha huzimika na mwangwi hupita. Gesi hiyo huchakaa. Ikichelewa kuwaka kidogo tu, nguvu hupenya na kuunguza kristali ya silikoni iliyo kichwani mwa kipokezi. Ubaya ni kwamba kristali haifi ghafla. Hupoteza usikivu taratibu, kioo kinaendelea kuonyesha nyasi zilezile za kelele, na opereta haoni tofauti mpaka ndege zinapotokea kilomita 20 mbali badala ya 40. Kwa hiyo mafundi makini hawakuamini macho. Walitumia kisanduku cha mwangwi, yaani chumba cha chuma kinachovuma kwa muda baada ya mpigo, wakapima muda wa kuvuma kila siku na kuuandika. Muda ukipungua, kuna kitu kinaoza kabla hakijafa.

Maji yalikuwa adui mwingine. Unyevu ukiingia kwenye bomba la mawimbi au kebo, umeme huruka ndani na kuacha doa la kuungua ambalo huvutia mruko mwingine. Dawa yake ni kukausha, kuziba viungo na kujaza hewa kavu yenye msukumo.

Na opereta mwenyewe huchoka. Norman Mackworth, kwa majaribio yaliyotokana na kazi ya maopereta wa rada wa jeshi la anga la Uingereza, alionyesha kwamba uwezo wa kugundua ishara adimu hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Zamu ya saa mbili mbele ya kioo ni kujidanganya.

Ndege inayoruka chini sana inaweza kukwepa?

Ndiyo, kwa sababu ya mviringo wa dunia. Chukua kimo cha antena na cha ndege (vyote kwa mita), tafuta kipeuo cha pili cha kila kimoja, vijumlishe, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Kwa maneno mepesi: antena ya mita 65 ina kipeuo cha pili cha 8, ndege ya mita 3,000 ina 55, jumla 63, na umbali ni karibu kilomita 260. Ndege hiyohiyo ikishuka hadi mita 100 huonekana kuanzia kilomita 74 tu, na kwa vitendo chini ya hapo, kwani mawimbi marefu hujifuta yenyewe karibu na uso wa bahari. Ndiyo sababu viliongezwa vituo vya Chain Home Low, vya mita 1.5, vyenye antena ya kuzungushwa.

Vita vya miale vilikuwa nini?

Ndege za mabomu za Ujerumani ziliongozwa usiku kwa miale ya redio. Miale miwili iliyopandana kidogo ilirushwa kutoka kituo kimoja, mmoja ukiwa na nukta na mwingine vistari. Rubani aliyekuwa katikati alisikia mlio mmoja usiokatika. Akipotoka kushoto au kulia alisikia nukta au vistari. Mwale wa pili kutoka kituo kingine ulikata wa kwanza juu ya shabaha. Mfumo huu, Knickebein, ulitumia masafa ya megahezi 30 hadi 33, yaleyale ya vipokezi vya kusaidia kutua bila kuona ardhi vilivyokuwa tayari kwenye ndege, na ndiyo maana haukutiliwa shaka. R. V. Jones, mwanasayansi wa ujasusi wa Uingereza, aliung'amua, na tarehe 21 Juni 1940 ndege ya Uingereza aina ya Anson iliukuta mwale kwenye megahezi 31.5, upana wake mita 400 hadi 500 tu.

Kinga ya kwanza ilikuwa mashine za hospitali za kupasha misuli joto kwa mawimbi ya redio, zilizowashwa kuleta kelele. Baadaye zikaja transmita maalumu za kuongeza vistari. Mfumo uliofuata, X-Gerät, ulikuwa kwenye megahezi 66 hadi 77. Usiku wa kushambuliwa mji wa Coventry, tarehe 14 Novemba 1940, vivurugaji vilikuwepo lakini viliwekwa mlio wa hezi 1,500 badala ya 2,000, na kichujio cha kipokezi cha Wajerumani kikaukataa bila taabu. Somo la kiufundi ni chungu: kujua masafa peke yake hakutoshi, ni lazima ujue na mlio uliobebwa juu yake.

Vipande vya karatasi ya alumini vinawezaje kupofusha rada?

Kipande cha chuma chenye urefu wa nusu ya wimbi huvuma pamoja na wimbi hilo na kuakisi kuliko ukubwa wake. Würzburg ilitumia sentimita 53, hivyo vipande vilikatwa sentimita 27, vyenye upana wa sentimita 2. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Julai 1943, ndege 791 zilipokwenda Hamburg, kila moja ilitupa fungu moja kwa dakika. Kila fungu lilitoa mwangwi kama wa ndege na kuelea kwa takriban robo saa. Ndege 12 tu zilipotea. Chini, mji uliungua, na mashambulizi ya siku zilizofuata yaliua maelfu kwa maelfu ya raia. Hesabu ya redio haitenganishwi na hilo.

Mbinu ilijulikana tangu mwaka 1942 lakini ilizuiwa, kwa hofu kuwa adui angeirudisha. Wajerumani nao walikuwa nayo na wakaogopa vivyo hivyo. Jibu lao baadaye lilikuwa kutenganisha kwa mwendo: vipande husimama hewani na kwenda na upepo, ndege haisimami.

Nyambizi za Ujerumani zilikamatwaje?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni rada ya ndege. Ile ya mita 1.5 ilifanya kazi mpaka mwaka 1942, nyambizi zilipofungwa kipokezi cha Metox kilichosikia mipigo mapema na kuzipa muda wa kuzama. Machi 1943 ikaja rada ya sentimita 10, na Metox haikusikia kitu. Kwa miezi kadhaa wakuu wa nyambizi walitafuta sababu kwingine, wakafika kudhani kwamba Metox yenyewe ndiyo inayotoa mawimbi yanayowasaliti, wakaamuru izimwe. Mei 1943 zilipotea nyambizi 41.

Ya pili haisemwi sana: redio zao wenyewe. Nyambizi ikiuona msafara ilituma ujumbe mfupi wa masafa ya juu. Meli za kusindikiza zilikuwa na kipima mwelekeo chenye koili mbili na vipokezi viwili pacha vilivyochora mstari kwenye kioo papo hapo, hata kama ujumbe ulidumu sekunde chache. Watson-Watt alikuwa amekibuni kifaa cha namna hiyo katika miaka ya 1920 ili kufuatilia radi.

Kifyatuzi cha redio kilikaaje ndani ya kombora la mzinga?

Kwa shida kubwa, na ndiyo sababu tunakihesabu miongoni mwa kazi bora za ufundi wa wakati ule. Rada nzima, ya kulipua kombora likikaribia ndege, ilipaswa kuingia kwenye ncha yake na kuvumilia mshtuko wa mara 20,000 ya uzito wake. Timu ya Merle Tuve nchini Marekani ilitumia valvu ndogo za kioo zilizotokana na vifaa vya kusaidia kusikia, zikafungwa kwa nta na mpira. Betri ilikaa kavu mpaka wakati wa kufyatuliwa: asidi ilikaa kwenye kichupa kilichovunjika mzinga ulipofyatuliwa, na mzunguko wa kombora ukaisambaza kwenye sahani. Hivyo kilihifadhika muda mrefu bila kuisha na hakikuweza kulipuka ghalani. Kombora lenyewe likawa antena. Lilirusha mawimbi mfululizo, na likikaribia ndege mwangwi wenye masafa yaliyosogea ulichanganyika na ya asili na kutoa mlio. Mlio ukifika ukubwa fulani, swichi ya gesi huwasha baruti. Meli ya USS Helena ilitungua ndege nacho Januari 1943. Kwa hofu ya kuokotwa bila kulipuka, matumizi yake juu ya nchi kavu ya Ulaya yaliruhusiwa Desemba 1944 tu.

Je, rada ilifika Afrika?

Ilitengenezwa Afrika pia. Chini ya Basil Schonland, taasisi ya Bernard Price ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand ilipata mwangwi wake wa kwanza tarehe 16 Desemba 1939, kutoka kilima cha Northcliff, Johannesburg. Mwaka 1940 mtambo wao ulisimikwa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, katika pwani ya Kenya.

Kuna ugunduzi wa kisayansi uliotokana na kuvurugwa kwa rada?

Tarehe 12 Februari 1942 manowari kubwa za Ujerumani zilipita Mlango wa Bahari wa Uingereza mchana, zikikingwa na uvurugaji uliokuwa umeongezwa kidogo kidogo hadi maopereta wakauzoea. Baada ya aibu hiyo, J. S. Hey, mwanafizikia wa Uingereza, alipewa kazi ya kufuatilia kila kelele iliyofika kwenye rada za jeshi la nchi kavu. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 na 28 Februari, vituo vilivyo mbali mbali viliripoti kelele kali kwenye mawimbi ya mita 4 hadi 8. Hey aliweka mielekeo yote pamoja na kuona kuwa chanzo kinasogea angani kutwa nzima pamoja na jua. Aliuliza kituo cha elimu ya nyota, akaambiwa kuna doa kubwa linalokatiza uso wa jua siku hizo. Taarifa ilibaki siri hadi vita vilipokwisha, na baadhi ya antena zilizobaki zikageuzwa kusikiliza anga.